Jiwe la Mlango wa Kirezi

Donatille hushona akiwa nusu ndani, nusu nje. Cherehani yake imewekwa mlangoni kabisa mwa chumba chake pale Nyakabanda, miguu miwili ndani na miwili barazani, na mtu akitaka kuingia inabidi apite ubavu ubavu. Wateja huona ni ujanja wa biashara, kwamba mama anataka sare za shule zionekane na wapita njia. Mvua ikinyesha husogeza vitambaa tu. Yeye mwenyewe hubaki pale pale, bega moja likilowa. Angeulizwa, angesema anatafuta mwanga.

Mambo yalianzia kwenye lifti. Wiki ile walipomzika mumewe, Eustache, alikuwa na sare za kupeleka kwenye ofisi moja mjini, juu kabisa, na kwa kuwa mzigo ulikuwa mzito akapanda lifti peke yake. Umeme ukakatika. Giza likamkalia usoni kama blanketi. Alipiga mlango mpaka viganja vikavimba, akaita, mwisho akanyamaza akawa anasikiliza pumzi zake zikiisha, au ndivyo alivyoona. Alipofunguliwa, fundi akamwambia, "Ihangane, mama. Vumilia. Ni kitu kidogo hicho." Donatille akashuka kwa ngazi, akaenda zake. Tangu hapo mlango ukifungwa yuko ndani, na kifua chake nacho kinafungwa.

Neno lile la fundi ndilo lililomkaa. Kitu kidogo. Katika mji huu watu wa umri wake wamebeba mambo yasiyosemwa hata kanisani. Jirani akikaa kimya, huhitaji kumwuliza kwa nini. Yeye alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi baada ya mauaji, wakati wenzake wamekwisha kuzika. Sasa asimame mbele za watu hao aseme kaangushwa na lifti? Akameza. Akiulizwa "Amakuru, Donatille?" anajibu "Ni meza." Habari ni njema. Kila siku ni njema.

Alimeza hivyo hivyo mpaka Kirezi alipojifungua.

Kirezi ni mwanawe wa pekee. Anakaa Gisimenti na mumewe, Kamau, Mkenya mwenye duka la simu, kwenye jengo la ghorofa. Ngazi zipo, kwa hiyo kupanda si tabu. Tabu ni mlango wao. Ni wa chuma, una springi, unajifunga wenyewe nyuma ya mtu, na ukijifunga unatoa mlio wa kufuli.

Sasa, Mnyarwanda akizaa, watu wake huenda guhemba. Wanamtembelea mzazi na uji wa mtama ili apate nguvu na maziwa yashuke, na asiyetakiwa kukosa kabisa ni mama yake. Donatille alipika uji wake, akaujaza kwenye chupa ya chai, akapanda ngazi. Alipofika juu akaona mgeni mwingine anaingia na mlango ukajipiga nyuma yake. Akasimama pale kwenye korido mpaka jasho likamtoka. Kisha akashuka, akamwachia mlinzi ile chupa, akampigia Kirezi simu kwamba tumbo linamsumbua. Mara ya pili ikawa ni kazi za watu. Mara ya tatu mafua, asije akamwambukiza mtoto.

"Sema tu, Mama," Kirezi akamwambia siku hiyo. "Ni kwa sababu ya Kamau."

"Hapana, mwana wangu."

"Angekuwa mtu wa kwetu ungekuwa umehamia hapa na mkeka wako."

"Kirezi."

"Anataka turudi kwao Nakuru. Mimi ndiye nilikuwa nakataa, nasema mama yangu atabaki na nani. Sasa hata sijui namkatalia kwa ajili ya nani." Akakata simu.

Donatille akabaki na ile simu mkononi, mguu ungali kwenye cherehani.

Jirani yake mmoja, msichana msusi anayeitwa Pretty, alikuwa amesikia upande mmoja wa mazungumzo na upande wa pili akajijazia. Kesho yake akamletea habari. "Mukecuru, bibi yangu, pale kwenye ukumbi wa mtaa wamebandika tangazo. Masomo ya afya ya akili, kwa Kiswahili, na iko bure. Si uende, badala ya kukaa hapa unahesabu pikipiki?"

Donatille akasikia akili, masomo, bure. Shule aliiacha Karagwe darasa la tatu, kaka yake alipohitaji kiatu. Akawaza, labda mtu mwenye akili angejua la kumwambia mwanawe. Akanunua daftari na penseli, akaichonga kwa wembe mpaka ikawa kama sindano.

Mwalimu alikuwa mzee mmoja, Karangwa, aliyekuwa mwoka mikate huko Mbarara kabla ya kurudi. "Kalibuni, kalibuni," akasema, maana ulimi wake hautenganishi l na r. Akaeleza bila kona kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulala kitandani msimu mzima, tanuri limepoa, ndugu wakadhani ni pombe. Akapona polepole, na sasa anawafundisha wengine alichojifunza. Akaongea juu ya usingizi unaokimbia, na juu ya hofu inavyojificha mwilini ukidhani ni vidonda vya tumbo. Watu wakawa wanaitikia. Donatille akasubiri. Alipoona muda unakwenda na ubao bado mtupu, akanyoosha kidole na kusimama kama walivyofundishwa Karagwe.

"Mwalimu, kujumlisha tunaanza lini?"

Ukumbi ukacheka. Karangwa naye kicheko kidogo kikamponyoka. "Mama, tangazo ulilisoma?"

"Nilisomewa. Masomo ya akili."

"Ya afya ya akili."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

Mtu mmoja wa nyuma akadakia, "Mama, tungekuwa nazo hizo akili tungekuwa hapa?" Wakacheka tena.

Donatille akakusanya daftari lake. Aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni. Sasa pale jirani kuna mafundi wa kuchomelea mageti, na wakati huo huo wakawasha mashine zao, kelele zikajaa. Karangwa akaenda kufunga mlango.

"Usifunge," Donatille akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, na kila mtu akageuka. "Nikifungiwa, nafungwa."

"Ulifungwa?" akauliza yule wa nyuma. "Gereza gani?"

"Lifti."

Kicheko cha tatu kikaanguka juu yake, na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alicheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kitu kingine na ikabidi ajifute kwa kitenge. Akangoja ile ihangane. Alishajua itakavyosemwa na atakavyoitikia.

Karangwa akauliza, "Kulikuwa na giza?"

"Kulikuwa na giza."

"Ulikuwa peke yako."

"Nilikuwa nimetoka kuzika."

Yule mwoka mikate akatoka nje, akarudi na jiwe la ukubwa wa mkate, akaliweka kati ya mlango na fremu. Kelele zikapungua, na mwanga ukabaki unaingia. "Leo ni hili," akasema. "Tukikutana tena, utasema wewe kama tulete dogo zaidi. Kama hutaki, tunabaki na hili."

Basi ndivyo alivyosoma Donatille. Wengine walikuwa na masomo yao, yake yalikuwa mawe. Jiwe la mkate likawa la andazi, kisha la yai la kuku. Siku moja akajiona shujaa, akasema leo lisiwepo. Mlango ulipogusana na fremu akaona ukuta unamjia. Walimkuta uani ameinama, anatapika. Wakarudi kwenye mkate, bila mtu kumpongeza wala kumpa pole. Karangwa alisema tu kwamba unga ukigoma kuumuka humpigi teke, unaufunika na kuusubiri. Donatille aliona hayo ni maneno ya mtu aliyezoea mikate, ila alirudi.

Kisha Pretty akamwambia alichokisikia Gisimenti, kwamba Kamau ameanza kutafuta mtu wa kuchukua duka.

Donatille alipika uji. Akaufunga kwenye chupa, akachukua na jiwe la yai. Alipofika mlango wa nje akarudi ndani, akalibadilisha kwa lile la andazi. Akaenda.

Kirezi alifungua na mtoto begani. Alikuwa amekonda. Hakusema karibu, alishika tu ule mlango wa springi kwa kiwiko na kungoja.

Donatille akainama, akaweka jiwe kwenye kizingiti.

"Mama. Umeniletea jiwe?"

"Nimekuletea na uji."

Kamau akachungulia kutoka sebuleni, kandambili mguuni. "Sasa mama, hiyo jiwe ni ya nini? Ni mila?"

"Ni mlango wenu," Donatille akasema. Akayasema yote akiwa amesimama, haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara: lifti, giza, viganja, chupa kwa mlinzi, tumbo lililosingiziwa. Kirezi alisikiliza, uso umekaza.

"Lifti," akasema. "Miezi yote hii nalia humu ndani kwa ajili ya lifti?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ni kitu kidogo."

Kamau akajikuna kichwa. "Kwa hivyo si mimi?"

"Wewe unaongea sana," Donatille akamwambia. "Lakini si wewe."

Kamau akacheka, akamletea kiti, akataka kukiweka karibu na kochi pale ndani. Donatille akakivuta mpaka kikasimama kwenye kizingiti, miguu miwili ndani na miwili koridoni. Akakaa. Mlango ukamwegemea begani, ukisukuma kidogo kidogo. Kirezi akamwekea mtoto mapajani na kukaa chini, sakafuni, akimimina uji.

"Anaitwa Rwema," akasema, kama vile mama yake hajui.

"Na Nakuru?" Donatille akauliza.

"Sijui bado, Mama. Utaweza kulala hapa leo?"

"Hapana."

"Kesho?"

"Sijui bado."

Mwisho wa korido lifti ya jengo ikalia kengele yake, milango yake ikafunguka, ikafungwa. Donatille akamkumbatia mtoto kwa mkono mmoja. Wa pili ulishuka wenyewe, ukapapasa chini mpaka ukalipata jiwe, ukabaki umelishika.

Kirezi aliuona ule mkono. Akasogeza kikombe cha uji pembeni, akauegemea mlango kwa mgongo wake, akauzuia.