Kuchota Gesi na Ndoo

Huku Kinoo, kando ya Nairobi, mtungi wa gesi haulali nje. Mbwa inaweza lala nje, pikipiki pia ikifungwa cheni, lakini gesi inalala ndani na watu, karibu na kitanda, kama mtoto mchanga. Mathe wa mahamri kwa plot yetu ya nyumba za kupanga, mama wa Kiislamu kutoka Mombasa, aliibiwa yake mchana kweupe chakula ikiwa juu. Aliingia ndani kuchukua chumvi tu. Kutoka, sufuria ya maharagwe iko chini, imefunikwa vizuri na mfuniko wake, gesi imeenda. Mwizi mwenye adabu. Tangu hiyo siku mathe alirudi kwa jiko ya makaa, na sisi wengine tukajua: ukipenda gesi yako, lala nayo.

Naanza hapo kwa sababu sitaki mtu aseme landlord wetu alikuwa mjinga. Guka, yaani babu kwa Kikuyu, vile tulikuwa tunamuita, alifanya tu kile kila mtu Kinoo angefanya. Shida ni alifanyia kwa boti.

Ndio, boti. Ziwa hatuna, mto hatuna, hata maji ya mfereji inakuja ikijisikia. Lakini hapo kwa plot, kati ya kamba ya nguo na choo, kulikuwa na boti ya bluu imekaa juu ya trela. Si ya kuvua samaki, ni ile ya watu kujienjoi. Ilikuwa na kachumba ndani, viti mbili ndefu za kulala, kameza, na jiko ya gesi ya kuwasha mahali mbili. Kuku walikuwa wanalala chini yake. Guka aliinunua akistaafu, kwa sababu zamani wakiwa vijana alimuahidi Shosho, mke wake, ati siku moja atampeleka Ziwa Naivasha, amkalishe juu ya maji, na ampikie chai yeye mwenyewe na mikono yake. Shosho alikuwa amempikia huyo mzee chai maisha yake yote. Kitu aliwahi kuitisha ni hiyo moja tu, ya kupikiwa.

Na magoti ya Shosho yalikuwa yanaisha. Kutoka mlango wake mpaka kwa geti ilikuwa imekuwa safari. Sisi wote tulikuwa tunaona na hakuna mtu alisema: hiyo chai isipopikwa hivi karibuni, haitapikwa.

Mimi ndiye nilikuwa muosha boti. Kazi yangu ni kuosha magari kando ya barabara ya Waiyaki Way. Shule niliwachia darasa la nane, mdomo nikaendelea nayo. Nikipanda hiyo boti na brashi, naita plot nzima, "Abiria wa Naivasha, Kisumu, Kampala, ingieni!" Wiki moja nilipiga nduru ati trela imeachilia na boti inateremka, Guka akatoka mbio na kiatu moja. Boti haikuwa imesonga hata kidogo.

"Wewe kijana," akaniambia akihema, "wewe utakufa ukicheka."

"Afadhali, Guka. Wengine wanakufa wakiwa wamenuna."

Sasa, hiyo boti ilikuwa na mahali yake ya mtungi. Huko nyuma, nje kabisa, kulikuwa na sanduku, na hilo sanduku lilikuwa na tundu chini ya kutoa gesi nje kama imevuja. Mwenye kuitengeneza alijua kazi yake. Lakini mwenye kuitengeneza hajawahi ishi Kinoo. Guka aliangalia hilo sanduku akaona zawadi ya mwizi. Akatoa mtungi, akauingiza ndani, chini ya kiti. Paipu ikawa fupi, akaunganisha na kipande ingine, akakaza na mpira wa tyubu ya baiskeli. Huo mpira ndio unashikilia nusu ya Nairobi, kwa hivyo hakuna mtu alishtuka. Mimi mwenyewe nilimshikia tochi.

Ikafika asubuhi moja ya Jumamosi, ile baridi ya mwezi wa saba, ukungu mpaka kwa mlango. Guka akaamua tufanye mazoezi. Shosho apande, akae, apikiwe chai hapo hapo kwa plot, ndio siku ya Naivasha asishangae. Akafungua mtungi mapema, vile mtu anawasha gari ipate moto. Akafunga madirisha yote ndio Shosho asipigwe na baridi. Halafu tukampandisha, Guka akivuta mbele, mimi nikisukuma nyuma kwa heshima.

"Wee! Usinisukume kama gunia ya viazi!"

"Shosho, viazi huwa hailalamiki hivi."

Akakaa. Akaangalia kila kona, akapangusa kameza na mkono ingawa kalikuwa kasafi, akacheka pekee yake. Guka akanituma maziwa kwa duka.

Nikarudi na pakiti, nikaingiza kichwa kwa mlango, na hiyo harufu ikanipiga kwa pua kama kofi. Gesi. Si kidogo.

Ujue hao wawili walikuwa wamekaa ndani yake muda wote huo. Pua ya Guka imejaa ugoro tangu kabla nizaliwe, hata choo kikifurika anaambiwa. Na Shosho, kuna homa ilimshika miaka mingi nyuma ikaenda na pua. Alikuwa anajua ndizi imeiva kwa kuibonyeza. Alikuwa ameketi hapo na shali yake mabegani, na Guka amesimama mbele ya jiko, kiberiti mkononi, anatafuta miwani.

"Guka, usiwashe."

"Nini tena?"

"Gesi inavuja. Inanuka mbaya."

Akavuta pumzi, akatikisa kichwa. "Mimi sisikii kitu. Juzi boti ilikuwa inatembea. Leo inanuka."

"Guka, nakuomba."

"Leta maziwa."

Na akafungua kiberiti. Nikaona kidole yake kinatafuta njiti. Mdomo wangu, ambao haujawahi kunikosea, ulikauka. Nilimuangalia tu Shosho.

Shosho pia akaniangalia. Halafu akasema, pole pole, "Mzee. Weka hiyo kitu chini."

"Kwa nini?"

"Angalia huyu mtoto. Hajacheka."

Guka akageuka, akaniangalia uso. Akafunga kiberiti.

Nikapiga magoti, nikapeleka mkono chini ya kiti, nikafunga koki ya mtungi mpaka ikakataa kuzunguka. Huko chini harufu ilikuwa nzito mpaka macho ikatoa maji. Guka akanyoosha mkono kwa swichi ya taa anisaidie kuona. "Usiguse taa! Usiguse kitu, hata simu!" Sikujua naweza kumpigia yule mzee kelele hivyo. Akarudisha mkono kama ameona nyoka.

Sasa kumtoa Shosho. Kuingia kwa kachumba alikuwa ameteremka ngazi, kutoka ni kupanda, na goti likakataa. Alijaribu mara ya kwanza, akakaa.

"Wacha nipumzike kidogo."

"Tutapumzikia nje, Shosho."

Nikainama, nikamwambia ashike shingo. Akapanda mgongoni kwangu, mwepesi hivi, mwepesi mpaka nikaogopa. Guka akisukuma miguu yake kwa nyuma. Tukifika juu, akaniambia kwa sikio, "Kai, jamani! Nimebeba watoto wengi mgongoni. Sikujua siku moja itarudishwa."

Tukamshusha, tukamkalisha kando ya ukuta. Guka akasema tuwache mlango wazi, gesi itatoka tu vile inatokanga kwa nyumba. Lakini kuna msee mmoja anauza gesi karibu na pale tunaosha magari, huwa anatuambia gesi ni nzito, inashuka chini na kutambaa kama maji. Kwa nyumba itapita chini ya mlango iende. Boti ni karai. Mlango uko juu, na chini hakuna mahali pa kupitia. Kitu imetengenezwa maji isiingie, gesi nayo itatokea wapi?

Ndio nikakumbuka kizibo. Nikiosha boti, maji ya sabuni inajaa huko chini, naitoa kwa kufungua kizibo nyuma. Nikakimbia, nikalala chini na kuku, nikakishika. Halafu nikaangalia plot inateremkia wapi. Inateremkia kwa mathe wa mahamri. Na mathe alikuwa amechuchumaa hapo, karai ya mafuta juu, makaa nyekundu kama macho ya mgonjwa.

"Mathe! Zima jiko!"

"Sizimi ng'o! Mahamri yangu ndiyo kwanza yanaumuka vizuri. Nenda kamtanie mwingine."

"Gesi inakuja huko!"

"Na meli je, haiji?"

Ni Shosho alisema, akiwa pale kwa ukuta, na hakupaza sauti. "Mama, tafadhali. Nilikuwa ndani."

Mathe akamuangalia yeye, akaangalia Guka vile amemshika mkono. "Ya Rabi!" Akashusha karai mbali, akaipeleka jiko yote nyuma ya nyumba na kuifunika na mchanga, mikono yake bado ina unga. Hakuuliza kingine.

Nikafungua kizibo. Hakuna kitu kilionekana, hakuna kitu kilisikika. Harufu tu ikapita juu ya uso wangu, baridi. Tukafungua madirisha kwa nje, tukangoja. Guka akataka kuleta feni na waya ya stima, nikamwambia hiyo ni kuleta kiberiti ingine. Tukangoja tena. Kwa kona za chini harufu ilikuwa bado iko, kwa hivyo nikachukua ndoo ya plastiki, nikasimama kwa mlango, nikaanza kuchota. Nainamisha ndoo mpaka chini, nainua pole pole, namwaga nje. Guka akachukua beseni ya kufua akajiunga.

Watu wa plot wakatoka. Hebu fikiria: boti kwa nchi kavu, watu wawili wanachota hewa na kumwaga hewa.

"Niaje, imezama?" mmoja akaita.

"Mnachota nini?"

"Gesi," nikasema.

Wakacheka mpaka wakashikana. Siku ingine ningecheka kuwashinda. Guka aliendelea kuinama na kuinuka, jasho kwa hiyo baridi yote, mpaka nikamwambia, Guka, imeisha, haipo tena. Akakaa juu ya kreti. Akatoa kiberiti kwa mfuko, akaiangalia.

"Nilitaka tu kukupikia chai," akasema bila kumuangalia Shosho.

"Na bado hujanipikia."

Akainua kichwa.

"Usidhani nimesahau," Shosho akasema. "Rudisha hiyo mtungi mahali yake."

Jumamosi iliyofuata mtungi ulikuwa kwa sanduku lake, nje nyuma, cheni na kufuli imeushika na tundu la chini liko wazi. Yule msee wa gesi alileta paipu mpya, moja bila kiungo, akaikaza na klipu za chuma, akaipaka povu ya sabuni kila mahali tukaangalia kama kuna mapovu inafura. Hakuna. Madirisha wazi yote, na Shosho amefungwa blanketi mpaka anakaa kama mzigo wa posta. Alisimama chini ya ngazi akakataa kupanda, akanigeukia.

"Wewe ingia kwanza. Pua yako ndiyo pua yangu."

Nikaingia, nikanusa.

"Si huko juu. Chini."

Nikapiga magoti, nikaweka pua kwa sakafu kabisa. Plot nzima inaangalia, hata mathe amesimama na mwiko. Na hapo nilikuwa na utani mzuri sana, mpaka leo bado ninao. Nikaumeza.

"Iko sawa, Shosho. Hakuna kitu."

Guka aliwasha, akapika, akafunga gesi kule kwa mtungi kabla hajamimina. Hakuwa amewahi kupika chai huyo mzee. Majani ilikuwa mingi, maziwa iliungua, sukari hata sijui aliweka mara ngapi. Shosho akashika kikombe na mikono miwili, akanywa, akakaa akifikiria, Guka amesimama mbele yake kama mtu anangoja matokeo.

"Ni mbaya," akasema.

Halafu akanywa yote, akamrudishia kikombe. "Niongezee."