Sanobar na Kosa la Kufuga Wadudu

Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2023, katika kijiji cha Tutzor kwenye bonde la Fergana, Sanobar Yoldosheva alifungiwa chekechea yake kwa kosa la "kuwaweka watoto pamoja na wadudu ndani ya nyumba". Maneno hayo yaliandikwa, yakatiwa saini, yakapigwa muhuri. Yaliandikwa mwezi wa Mei, katika kijiji ambacho mwezi huo hakina nyumba isiyo na viwavi wa hariri. Ambako chumba kizuri kuliko vyote, chenye zulia na madirisha ya kusini, huondolewa watu kikapewa viwavi, na mwenye nyumba hulala barazani bila kunung'unika. Mkaguzi wa wilaya aliyeyaandika, Turob, alizaliwa kijiji cha pili kutoka hapo. Mama yake alifuga viwavi miaka thelathini. Alisomeshwa kwa hariri, na sare yake ya kwanza ya shule ilitokana na hariri. Mtu huyo ndiye aliyechagua neno "wadudu".

Sanobar alikuwa na miaka arobaini na mitatu na shahada ya biolojia. Alikuwa amefundisha sekondari miaka kumi na mitano kabla ya kuchukua kibali cha kulea watoto nyumbani kwake, katika vyumba viwili vinavyotazama ua. Watoto walikuwa kumi na wanne, wa miaka mitatu hadi sita, nao walimwita Opa, dada mkubwa, kama watoto wote wa huko wanavyomwita mwalimu wao.

Hakuwa mtu wa kuwaambia watoto kwamba vitu hubadilika. Aliwapa kitu, wakaenda nacho kwao, wakakitazama kikibadilika. Majira ya baridi kila mtoto alijaza theluji mabakuli mawili ya chai, moja akaliweka karibu na jiko na jingine kwenye kizingiti cha dirisha, na asubuhi akaja kusimulia. Vuli walitundika kishada cha zabibu kwenye boriti la ghala, wakakigusa kila Ijumaa hadi zabibu zikakunjamana. Machi waliotesha ngano kwenye sahani. Mama aliagizwa asiguse; kazi yake ilikuwa kuuliza tu: jana ilikuwaje, leo ikoje?

Si wote waliofurahi. Bibi Salomat, jirani yake, aliyekuwa akimleta mjukuu wake Mavjuda, alimsimamisha langoni.

"Mwalimu, mtoto nimekuletea wewe. Mbona unamrudisha na kazi yangu mimi?"

"Kazi yake, bibi, si yako."

"Na ile sahani yangu ya ngano, ya nani? Wageni wamekuja, nimewapa mkate juu ya kitambaa kama watu waliounguliwa na nyumba!"

Lakini sahani hakuiondoa.

Yaliyotokea baadaye yalianza na swali moja la Aprili, siku ambayo gari la wilaya lilipita kugawa mayai ya viwavi nyumba kwa nyumba, kama linavyofanya kila mwaka. Sanobar aliwauliza watoto mayai yale yanatoka wapi.

"Ofisini!" wakaitika wote kwa pamoja.

Alicheka. Jioni, kwa utani, akamuuliza Bibi Salomat swali lile lile.

"Si ofisini?" bibi akashangaa. "Miaka arobaini na mmoja nafuga, sijayaona yakitoka kwingine."

"Na ofisi inayapata wapi?"

"Ofisi ya juu, bwana! Wewe umesoma, huyajui haya?"

Hapo kicheko kilimkauka Sanobar. Kijiji hicho kilikuwa kimewavika maharusi wa nusu ya bonde, na hakuna mtu ndani yake aliyewahi kumwona mama wa kiwavi. Kisa chake kilikuwa wazi: kifuko cha hariri hupelekwa kwenye mvuke kabla nondo atagaye mayai hajakitoboa, kwa kuwa kikitobolewa uzi umekatika. Kwa hiyo watu walimjua mnyama huyu kama anavyojulikana mfanyakazi wa kiwandani, kuanzia saa anapoingia kazini hadi saa kazi inapokwisha. Alikotoka hakukuwa na aliyeuliza. Ilimuuma kama mwalimu, ikamuuma zaidi kama mtoto wa Tutzor, kwa sababu na yeye alimwona nondo wa hariri kwa mara ya kwanza kwenye kitabu cha chuo.

Akachukua viwavi kutoka katika fungu lake mwenyewe, akampa kila mtoto watatu ndani ya boksi la viatu, na utepe wa karatasi. Kila jioni, kabla ya chakula, mtoto alimlaza kiwavi kando ya utepe na kuweka alama ya mkaa mahali anapoishia. Kiwavi wa hariri hulala mara nne maishani mwake, na kila akiamka hujivua ngozi. Kila usingizi ulipata duara. Jumatatu waliyaleta maboksi na tepe, wakalinganisha.

"Opa, wangu amevua shati," Mavjuda alisema.

"Kwa nini amevua?"

"Limembana. Amekula sana."

"Kama babu yako," akadakia mwenzake, na darasa zima likaangua kicheko.

Vifuko vya viwavi hao havingepelekwa kwenye mvuke. Vingebaki katika nyumba za watoto mpaka vitoboke vyenyewe. Hilo ndilo somo, na ndilo Sanobar aliloliwekea moyo mwaka ule.

Turob alikuwa amekwisha kufika mara moja, mwezi wa Machi, na bango la plastiki la kutundika ukutani, "Mabadiliko Katika Maumbile", ambalo kila chekechea ilitakiwa kulinunua kutoka kwa mtu aliyemtaja yeye. Bangoni palikuwa na kipepeo wa rangi ya chungwa asiyejulikana huko, yai, funza, na mishale. Sanobar alilirudisha. Alisema mforsadi, mti ambao viwavi hula majani yake, uko mlangoni, na haoni sababu ya kumwonyesha mtoto jani la plastiki. Turob alitabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Mei 15 alirudi. Ilikuwa Jumatatu, na maboksi kumi na manne yalikuwa mezani. Viwavi walikuwa wameamka kutoka usingizi wa nne, wakila majani kwa mvumo kama wa manyunyu juu ya bati. Turob aliingia amejipaka manukato ambayo hata mgeni wa harusi asingethubutu kuingia nayo katika chumba cha viwavi, maana viwavi hudhurika kwa harufu kali. Mtoto wa mama mfugaji alilijua hilo tangu utotoni.

"Kaka Turob, simama hapo nje kidogo," Sanobar alimwomba. "Manukato yatawaua."

"Mimi nakagua, dada. Wewe ndiye usimame."

Mezani palikuwa na bakuli la kurt. Katika lugha ya huko neno ni moja: kurt ni kiwavi, na kurt ni vidonge vikavu vya mtindi wa chumvi, ukubwa wa gololi, ambavyo watoto humung'unya mchana kutwa. Turob alijichotea kimoja, akakitia kinywani, akachuchumaa mbele ya Mavjuda.

"Jana mlikula nini hapa, binti?"

"Kurt."

"Na mikononi mlishika nini?"

"Kurt!" Mavjuda akacheka, kwa kuwa mchezo huo wa maneno kila mtoto anaujua. "Wale wa kwenye boksi hatuwali, mjomba. Hao tunawapima."

Ripoti ilisomeka hivi: wadudu wameonekana katika chumba cha watoto, watoto wamekiri kushika na kula kurt. Iliandikwa na mtu ambaye kidonge cha mtindi kilikuwa bado kinamyeyukia ulimini. Habari ya kupima haikuandikwa.

Chekechea ilifungwa siku ile ile. Ingefunguliwa baada ya wiki moja, ilisema amri, iwapo mwenye kibali angekiri kosa lake kwa maandishi. Watoto walibeba maboksi yao wakaenda nyumbani.

"Tia saini," mumewe Ulmas, fundi wa kuchomelea vyuma, alimwambia. "Karatasi tu hiyo, mke wangu. Wiki ikiisha watoto wako wamerudi."

"Unajua imeandikwaje?"

"Imeandikwa una wadudu. Si kweli unao?"

"Wewe ukiitwa mwizi kwa kuwa umeshika nyundo ya tajiri wako, utatia saini?"

Ulmas alikuna kichwa, akasema yeye nyundo zake ni zake, akatoka. Hata hivyo, neno lake halikuwa la kipuuzi. Mei na Juni akina mama wa Tutzor hushinda wakikata matawi ya mforsadi, na watoto kumi na wanne walikuwa hawana pa kukaa. Kila siku ya kukaidi kwake ilikuwa siku ya kuwatesa wanawake waliomwamini, naye alijua.

Tarehe 1 Juni aliitwa ofisini. Karatasi ilikuwa tayari: "Mimi, Yoldosheva Sanobar, nakiri kwamba niliwaweka watoto katika hatari ya wadudu, na sitarudia."

"Saini hapa chini," Turob alisema, "na hapa, nakala."

"Futa 'wadudu', andika 'viwavi wa hariri'. Nitatia saini sasa hivi."

"Fomu ina neno 'wadudu' tu."

"Basi fomu ni mbovu."

"Dada, unataka kufungua au unataka kushinda?"

"Nikitia saini hii, kesho utaipeleka kwa mwalimu wa kijiji kingine umwambie hata Yoldosheva mwenye shahada alikiri. Halafu watoto wa wilaya nzima watafundishwa uhai kwa plastiki yako. Sitii saini."

"Utakaa nyumbani."

"Nyumbani kwangu ndiko ulikonifungia. Nitakaa."

Akasimama, akatoka.

Hakuruhusiwa kukusanya watoto uani kwake, wala kuwafuata majumbani mwao. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 8 Juni, nondo walipoanza kutoka, Sanobar hakuwepo. Alikuwa akisafisha jiko aliposikia Bibi Salomat akipiga kelele upande wa pili wa ukuta.

"Mwalimu! Anatema mate! Analowesha kifuko anatoka! Mwenyezi Mungu, ana manyoya!"

"Usimsaidie, bibi! Mwache atoke mwenyewe!"

"Namsaidiaje, mimi naogopa! Mavjuda ndiye amemkaribia."

Kisha ikasikika sauti ya mtoto: "Opa! Haruki! Mbona ana mabawa na haruki?"

Sanobar alibaki na kitambaa mkononi. Swali hilo alikuwa amelingojea tangu Aprili, na alipaswa kuwa amepiga magoti kando ya boksi, akiutazama uso wa mtoto aliyeuliza. Mtu mwenye muhuri alikuwa amemnyang'anya saa hiyo, na hakuna ofisi duniani yenye uwezo wa kumrudishia. Alijibu kwa kupaza sauti juu ya ukuta, akieleza jinsi watu walivyomfuga kwa maelfu ya miaka hata akasahau kuruka, na sauti yake ilikwaruza kwa hasira.

Siku mbili baadaye Bibi Salomat alileta langoni barua ya kuomba chekechea ifunguliwe. Aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wa shule za zamani, nayo ilikuwa na saini za nyumba tisa. Sanobar aliambatanisha ya kwake, akazipeleka mkoani. Hazikujibiwa. Akaandika ya pili, ya tatu, na ya nne. Kabla ya vuli wazazi wa watoto sita walikuwa wamewahamishia chekechea ya mjini, yenye milango ya vioo na bango la plastiki ukutani. Hakuwalaumu. Majira yote ya baridi alichambua vifuko kwa ujira katika ghala la hariri, pamoja na wasichana wadogo kwake kwa miaka ishirini, na karatasi ya kukiri haikupata saini.

Tarehe 4 Machi 2024 wilaya ilitoa fomu mpya ya ukaguzi, ambayo kifungu chake cha kumi na moja hakisemi tena "wadudu" bali "wadudu waenezao maradhi". Na tarehe 18 ya mwezi huo Sanobar Yoldosheva alirudishiwa kibali chake, bila neno la kuomba radhi, kwa ajili ya watoto wanane.