Mlenda wa Babu Yako

Hakuna magadi humo, mke mwenzangu, kula tu. Nimeona ulivyokunja uso kwenye tonge la kwanza, nikajua swali liko njiani linakuja, basi nimeliwahi. Siwekagi. Ndiyo maana mlenda wangu siku hizi mgumu, unatafuna kama mbuzi. Ila usiende kumwambia mama yako kwamba bibi kazeeka, hajui tena kupika. Babu yako alikuwa analamba mpaka vidole ambavyo havikugusa mboga.

Babu yako alikufa mwaka juzi, hilo unalijua, uligaragara pale uani mpaka khanga ya watu ikachanika. Usichokijua ni habari ya jiko langu.

Ilianza shambani. Tulikuwa tunavuna alizeti, akakaa chini ghafla, anasema ardhi inazunguka. Nikamwambia ardhi haizunguki, ni wewe mvivu. Kesho yake tena. Tukaenda zahanati. Daktari alikuwa kijana, mgeni, katokea huko pwani, anaongea kama yule wa taarifa ya habari redioni. Ngoja nikaze shingo nimwige. "Mzee wangu, presha yako iko juu mno. Moyo wako unachoka. Chumvi, acha. Nyama ya mafuta, acha. Tumbaku, acha. Pombe, acha. Vidonge, kila siku, hata ukijisikia mzima. Na utembee, kila siku, nusu saa."

Babu yako akamwuliza, "Na mke je? Naye niache?"

Kijana hata hakucheka. "Mke abaki, mzee. Anayepika ndiye tunayemtegemea."

Wewe, niliondoka pale kama nimeapishwa. Mimi ambaye darasa sijaliona hata kwa dirishani, daktari ananitegemea! Kila asubuhi namsimamia na kidonge. "Meza. Fungua mdomo nione. Inua ulimi." Kama nachanja kuku. Tumbaku aliiacha, akanuna mwezi mzima. Pombe akaniambia ameiacha, nikamnusa, kweli ameiacha.

Kutembea ndiko kulitushinda. Wewe uliona wapi hapa Kinampanda mzee mzima anatembea tu, haendi shamba, haendi msibani, anakwenda na kurudi? Siku ya kwanza watu wakamsimamisha mara tano. Yule jirani yetu wa bondeni, mwenye sauti ya jogoo mwenye mafua: "Shikamoo mzeee! Kwema? Unakwenda wapiii?" Babu akageuza pale pale, akarudi nyumbani. Kesho yake akachukua kamba, akaitupia begani. Jirani akauliza tena. "Natafuta ndama," akasema. Basi ikawa hivyo, kila asubuhi na kamba yake. Jirani wa watu akaingia vichakani kumsaidia kutafuta! Siku tatu anatafuta ndama ambaye hajazaliwa. Alipokuja kujua akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo akimwona tu: "Mzeee! Ndama kaonekanaaa?"

Nikacheka na mimi. Nilikuwa nawaiga wote jioni, daktari, jirani, na yeye mwenyewe, namwigia machoni pake anavyokohoa kabla ya kusema uongo. Sauti zote nitakutolea leo, ila yake hapana. Yake nakuambia tu maneno aliyosema.

Sasa chumvi. Kopo la chumvi nililigawa, nikatoa lote, nyumba nzima tukala chukuchuku. Wiki ya kwanza babu yako anakula kama yuko matangani. Anamega tonge, analitazama, analirudisha. Akaniuliza, "Huu ni mlenda au maji uliyooshea chungu?" Akaanza kukonda. Nikamwonea huruma, mke mwenzangu. Nilikuwa natia kijiko kimoja cha maji ya magadi, kulainisha, kama mama yangu alivyonionyesha. Nikatia viwili. Nikaona anakula. Nikatia nusu kikombe.

Akalamba vidole. Akasema, "Sasa mke wangu umerudi."

Magadi kwetu si chumvi. Chumvi inatoka dukani kwenye pakiti. Magadi ni udongo, mweupe, watu wanaukwangua huko kwenye maziwa, unaununua mnadani kwa kopo, unaloweka, unachuja, unalainishia mboga. Daktari alisema chumvi. Hakusema udongo. Na mimi kisimani nikawa natamba mbele ya wenzangu: "Kwangu chumvi haivuki kizingiti!"

Ikapita karibu mwaka. Asubuhi moja kachelewa kurudi. Jirani ndiye alimkuta, kakaa kando ya njia, kamba mkononi, mdomo umevutwa upande mmoja. Alikuja kuniita, na ile sauti ya jogoo haikuwepo. "Bibi, twende. Mzee kaanguka."

Hospitali akalazwa. Upande mmoja wa mwili umekufa, ulimi mzito, lakini macho ananijua. Siku ya pili nikampelekea mlenda wake na ugali laini wa uwele. Nesi aliyekuwepo binti wa huku huku kwetu, akaniamkia vizuri, akanisemesha Kinyiramba, nikafurahi. Akaniuliza mzee anakulaje nyumbani. Nikasimama katikati ya wodi, nikakaza shingo: "Chumvi, acha! Tumbaku, acha!" Wagonjwa wakacheka. Babu yako naye akacheka, kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Nikamwambia binti, namfuata daktari neno kwa neno, mwaka mzima chumvi hajaionja.

Akafunua bakuli. Akachovya kidole, akaonja.

"Bibi, umelainishia nini?"

"Magadi, mwanangu."

"Kila siku?"

"Mchana na jioni. Nusu kikombe, anapenda."

Yule daktari wa zahanati alikuja msibani, akaniambia presha ina mambo mengi, kuna umri, kuna damu ya ukoo, nisijibebeshe. Asante yake. Lakini babu yako alikuwa anasikia pale kitandani. Aliishi siku mbili zaidi, ananitazama tu, ulimi hauinuki, na mimi kwa mara ya kwanza sina sauti ya mtu yeyote ya kumtolea. Sijui alikuwa anataka kunisamehe au kuniomba mlenda.

Binti wa watu hakusema kwa ubaya. Alifunika bakuli, akalisogeza mbali na babu yako, akasema kwa sauti ile ile ya kuamkia:

"Bibi, magadi nayo ni chumvi."