Miguu ya Mwanamke wa Kalenda

Watalii nawajua kwa mashuka yao. Kwa miaka mitatu nilifanya kazi ya kufua ndani ya meli ya watalii, chini kabisa kusiko na dirisha, na kila asubuhi uchafu wa meli nzima ulishushwa mbele yangu kwenye vikapu vya magurudumu. Nilijua nani anakula chokoleti kitandani, nani anajifuta rangi ya midomo kwa taulo jeupe, na nani ameficha vijiko vya meli ndani ya foronya kisha akavisahau. Kwa hiyo sikuwaheshimu. Walipopita kwenye korido wamejipulizia manukato, mimi niliona mashuka tu.

Siku meli ilipotia nanga katika mji mmoja wa Ulaya wenye jumba la sanaa linalojulikana dunia nzima, nami nilipata ruhusa ya kushuka. Sikushuka kutembea. Nilikuwa nimetumwa na mjomba wangu.

Mjomba alikuwa akichora mabango Kawangware. Mimi ni mtoto wa Kianda, kule Kibera, lakini likizo zangu za shule ziliishia kwenye kibanda chake, nikinusa rangi ya mafuta na kuosha brashi. Huniita mathe, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na akiniita hivyo mbele za watu sithubutu kumkatalia jambo. Ukutani alikuwa na kalenda kuukuu ya duka la vifaa vya ujenzi. Sehemu ya juu ilikuwa na mchoro wa mwanamke aliyeketi kwenye kigoda kando ya beseni la shaba, ameinamisha kichwa, anasuka nywele zake mwenyewe. Mjomba alimpenda mwanamke yule mpaka mkewe akazoea.

Alimchora kwenye saluni zote zilizomkubalia. Tatizo ni kwamba mwanamke wa kalenda aliishia magotini. Kutoka hapo kwenda chini, duka lilikuwa limepiga chapa jina lake na bei ya misumari. Mjomba aliwahi kubandua karatasi za miezi akidhani miguu iko nyuma yake, akakuta peupe. Basi kila mwanamke aliyemchora Kawangware aliishia magotini, na chini yake likafuata jina la saluni. Vijana wakamwita fundi wa kukata miguu.

Nilimwambia mara nyingi ajibunie tu miguu, miguu ni miguu. Alikataa. Zamani, mjane mmoja alimletea picha ya kitambulisho ya marehemu mumewe, ichorwe kubwa ya kuwekwa mbele ya jeneza. Picha ya kitambulisho haina mikono, mjomba akamwongezea mikono mizuri ya kiungwana. Yule mama alipoiona alisema, "Hizi si mikono zake," akaiacha pale pale, akamzika mumewe bila picha. Tangu siku hiyo mjomba hakuchora asichokiona yeye, au asichoelezwa na mtu anayemwamini aliyekiona kwa macho.

Wakati huo macho yalikuwa yakimwishia. Presha ya macho ilikuwa imeshalichukua la kushoto, na kwa la kulia aliona kama anayechungulia kwenye bomba. Kabla sijarudi melini kwa mkataba wangu wa mwisho, saluni moja ya Riruta Satellite ilikuwa imempa ukuta mzima, kutoka paani hadi chini.

"Mathe, hii ndio ya mwisho," aliniambia. "Nataka nimchore mzima. Hapa kwa kalenda wameandika mahali anakaa. Si meli yenu hupita huko?"

Kweli, pembeni mwa kalenda, kwa herufi za kusoma kwa shida, paliandikwa jina la lile jumba. La mchoraji halikuwepo. Nilikuwa nimeshaipiga picha kalenda na kuitafuta kwenye mtandao, nikaletewa matangazo ya mabeseni.

"Nitakupigia picha, anko."

"Piga. Lakini picha ni ya kunionyesha. Uangalie na macho, ndio unieleze."

Basi nikapewa kiti kitupu nyuma kabisa ya basi la watalii wetu, na muda wa saa moja tu ndani ya jumba. Mlangoni kila mmoja alibandikwa namba kifuani, wakafurahi kama watoto wa chekechea. Mtu wa kwanza kuuliza swali aliuliza choo kiko wapi. Wa pili aliuliza kama kuna kahawa. Mwongozaji wao, mama aliyebeba mwavuli mwekundu uliofungwa, aliwaswaga mpaka kwenye chumba chenye ule mchoro mkubwa ambao kila mtu huujia, nami nikafuata.

Hapo ndipo nilipokaa. Sitadanganya kwamba nilipotea njia. Nilikaa kwa raha zangu, nikiwadharau. Watu wamevuka bahari, wamefika mbele ya kitu walichokisikia tangu utotoni, na wote, mmoja baada ya mwingine, wanakipa mgongo! Wanajipiga picha, wanaangalia nyuso zao kwenye simu, hawajapenda mashavu, wanarudia. Mzee mmoja alipiga picha kibao cha maelezo, hakukisoma, akaondoka. Mume na mke waligombania chaja. Nikawaza jinsi nitakavyowasimulia watu wa Kianda, nikachagua kabisa na maneno ya kuwachekesha. Nilipoangalia saa, zilikuwa zimebaki dakika kumi.

Nikamwonyesha mlinzi kalenda kwenye simu yangu. Alitazama, akatabasamu, akanielekeza ghorofa ya juu, chumba cha mwisho. Nilipanda zile ngazi mbio.

Alikuwepo. Mdogo kuliko nilivyodhani, anaingia kwenye dirisha la kibanda cha mjomba, na hakuna mtu aliyemjali. Hakuna isipokuwa mama mmoja wa meli yetu aliyekuwa amekuja kupumzika kwenye benchi. Alivaa kofia nyeupe pana. Akaniona, akanitambua kwa sare.

"Wewe si wa meli yetu?" akasema. "Hebu nipige picha hapa."

Mama yule, aliyefua shuka zake ni nani? Mimi. Aliyefua taulo lake ni nani? Mimi. Na bado nilipokea simu yake kwa mikono miwili nikisema ndiyo mama. Nikampiga picha. Hakuipenda. Nikapiga nyingine. Akageuza shingo, akashusha kidevu, akarekebisha kofia. Nilikuwa nimejaa hasira mpaka masikio yanapiga kelele. Kofia yenyewe ilikuwa ya ukili wa bandia, utepe wa buluu umeshonwa kwa uzi mweusi, mshono mbaya, na kwa ndani karatasi ya bei ilikuwa bado inaning'inia. Nilimwona mtu asiyeweza hata kukata karatasi ya bei akisimama mbele ya mwanamke wa mjomba wangu, akimziba.

Picha ya sita ndiyo iliyompendeza. Nikamrudishia simu yake. Nikasikia mwavuli ukigongwa ngazini, maana yake basi linaondoka, na anayeachwa na basi ameachwa na meli. Nikatoa simu yangu, nikainyanyua, nikabonyeza mara moja, nikakimbia.

Ndani ya basi ndipo nilipoitazama. Uso upo, nywele zipo, mikono inayosuka ipo, beseni lipo na mng'ao wake. Chini ya magoti kuna kofia nyeupe. Yule mama alikuwa ameinama kufunga kamba za kiatu.

Nikafumba macho nijaribu kukumbuka. Nilisimama hatua nne kutoka kwa mchoro ule. Miguu ilikuwa mitupu au ina viatu? Imekunjwa au imenyooshwa? Nilikumbuka uzi mweusi kwenye utepe wa buluu. Hata kibao chenye jina la mchoraji, ambacho kilikuwepo pale pembeni, sikukisoma, mimi niliyemcheka mzee wa kibao.

Niliporudi nyumbani nilipanga kudanganya. Mitupu, ningesema, ameikanyagisha sakafuni. Nilimkuta mjomba Satellite, ukuta umeshapakwa rangi ya msingi, mwanamke amefika magotini, na chini yake ameachiwa nafasi kubwa safi. Aliisogeza simu mpaka karibu iguse jicho la kulia, akaizungusha polepole.

"Hii nyeupe ni nini?"

"Kofia, anko. Ya mtalii."

"Sawa. Sasa nieleze miguu. Gani iko mbele?"

Uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni. Angenitazama kwa ukali ningedanganya vizuri, lakini alikuwa ameshashika chaki, amegeukia ukuta, anasubiri.

"Sijui. Sikuangalia."

"Si ulifika?"

"Nilifika."

"Ulikuwa unaangalia nini basi?"

"Watu."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikaa kwenye ndoo ya rangi, akapangusa chaki vidoleni, mimi nimesimama kama mtu wa kesi. Kisha akaniuliza hiyo kofia ilikuwaje. Nikamweleza upana wake, utepe, buluu ya namna gani, uzi mweusi, mshono ulipokwenda kombo, karatasi ya bei. Nilieleza bila kusita hata mara moja.

"Hiyo uliiona," akasema. "Uliiona poa sana."

Akainuka akaichora, pale pale palipongoja miguu. Ilimchukua siku nne, uso wake ukikaribia kugusa ukuta, na nilimchanganyia rangi mwenyewe. Mwenye saluni alikuja juu, akauliza nani ameagiza kofia kwenye ukuta wake. Mjomba alimjibu bila kugeuka, "Nilituma mtu. Hiyo ndio aliona."

Jicho la kulia lilizimika kabla mvua hazijaisha. Siku hizi namshika mkono tukipita Satellite, na kila mara husimama mbele ya saluni, hugusa ukuta kwa kiganja kuanzia magotini kushuka, anipe muda wa kutazama. Wateja wanaisifu ile kofia. Karatasi ya bei imechorwa vizuri mpaka watoto hujaribu kuibandua.