Ndala Zangu kwa Bi Zuhura

Enzi zetu, na wenzangu wa rika langu mnisahihishe nikikosea, mtoto mgeni hakukaribishwa kwa maneno matamu. Alichokozwa. Hadi leo sijui kama lilikuwa jambo jema, ila ndilo lililonifanya mwenyeji wa Kilwa Masoko.

Tulihamia pale kutoka Kilangala, baba alipopata kibanda cha kuuzia unga na korosho sokoni. Nilikuwa na umri wa kung'oka meno. Kule nilimwacha bibi, mbuzi wake, na wenzangu tuliochimba nao ming'oko porini, ile mizizi tuliyoichemsha na kuimenya kwa meno mpaka midomo inauma. Masoko kulinuka samaki, watoto walizungumza mbiombio, nami kila nikilala nalia nirudishwe. Mama akachoka. "Jaribu kwanza kwa Bi Zuhura," alisema. "Ukishindwa, baba yako atakupeleka kwa bibi yako."

Bi Zuhura alikuwa na kikundi cha kaswida cha wasichana. Baada ya alasiri tulikaa uani kwake kwenye mikeka, madufu yakilia, harufu ya vitumbua ikitoka jikoni. Siku ya kwanza walinipa mahali pazuri na kitumbua cha moto kabla ya wote. Siku ya pili vilevile. Lakini zaidi ya "karibu mgeni" hakuna aliyenisemesha, nikakaa kama sahani ya kabatini.

Siku ya tatu natoka, ndala zangu mpya hazipo mlangoni. Mwanahawa, mkubwa wetu pale kikundini, alikuwa amezivaa mikononi, anapiga nazo makofi. "Mla ming'oko, ndala za nini? Si kwenu mnavaa matope!" Wote wakaangua kicheko. Nikamtazama Bi Zuhura anitetee. Naye, bila haya, akasema, "Mpeni mng'oko mmoja aende zake, ndala tubaki nazo." Nilirudi nyumbani peku, kamasi hadi kidevuni, nikaanza kufunga nguo zangu kwenye kanga.

Baba aliponisikiliza, akanishika mkono tukarudi. Nikajua leo patachimbika. Kufika, hata hodi hakupiga. Aliingia uani, akaliinua sinia zima la vitumbua, akaliweka kichwani. "Wamatumbi nyie, jembe hamlijui, kutwa kuhangaika na pweza. Kupika nani kawafundisha?" Nikafumba macho kwa aibu. Nilipofumbua, Bi Zuhura alikuwa amekaa chini, machozi ya kicheko yanamtoka. "Mwizi wee! Mtani, rudisha sinia langu!"

Huyo ndiye baba yangu, aliyenichapa siku nilipomwita mtu mzima kibogoyo! Sikuelewa kitu. Akaniinamia, sinia bado kichwani. "Watu wa kwetu na hawa ni watani, mwanangu, tangu mababu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wamekupa lako. Haya, wajibu."

Nikamwambia Mwanahawa, "Nyayo zako pana kama kasia, ndala yangu haikutoshi." Nikadhani nimekwisha. Kisha Mwanahawa akacheka, akanikumbatia, akanisogezea nafasi mkekani ubavuni pake na kunipa dufu lake nijaribu. Jioni ile mama aliikuta kanga yangu imekunjwa, na nguo zimerudi sandukuni.

Kikundi bado kipo, na siku hizi mimi ndiye ninayewapikia vitumbua. Vijana wetu, Mungu awaweke, wana adabu mpaka zinatisha. Utani wanauita unyanyasaji, na pengine wana haki, maana wapo waliolia na hawakuwa na baba wa kubeba sinia. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Jumamosi moja alikuja binti kutoka Mtama, upande wa kwetu kule kwa wala ming'oko. Wakampokea kwa tabasamu, wakampiga picha, wakamwingiza kwenye grupu na kumtumia maua humohumo, ilhali amekaa mbele yao. Kisha kila mmoja akainamia simu yake. Nikampelekea kitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoka Mtama?"

"Ndiyo, mama."

Ming'oko ikanifika kwenye ncha ya ulimi, nikaimeza. Nikimtania, je, akilia? Ndala zake zilikuwa mlangoni, za bluu, mpya, na mikono ikaniwasha kweli. Nikazitazama tu. Alipotoka alizikuta palepale alipoziacha. Akamshukuru kila mtu, akaenda.

Jumamosi iliyofuata nilikaanga vitumbua vya ziada, nikashinda natazama mlango. Hakuja, wala hakuja tena. Nikawauliza vijana kulikoni. Wakanyanyua macho kutoka kwenye simu, wakatazamana, nao wamechanganyikiwa kama mimi.

"Lakini mama, mbona tulimkaribisha vizuri?"

Na kweli, walimkaribisha vizuri.