Matanga ya Mtu Aliye Hai

Siku ya tatu hiyo Paulin Mwaba amelala kageukia ukuta, wala hakuwa na homa. Huyu mpiga bendera wa yadi ya mabehewa, mtu wa kujitapa kidogo, sasa alishtuka hata kifuniko cha sufuria kikianguka. Wiki iliyopita, aliposhusha bendera kuruhusu treni isogee, mabehewa mawili yalimbana mguu mwenzake Désiré. Désiré mwenyewe, akiwa hospitalini, alisema Paulin hana kosa. Haikusaidia. Akaacha kwenda kazini. Kesho asipoonekana kazini, kazi imekwenda, na nyumba ya kambi ya wafanyakazi nayo.

Adolphine, mkewe, alikuwa amemaliza maneno, ya upole na ya ukali. Mchana huo akaenda sokoni kumwita Mama Kunda, muuza samaki wakavu wa Pweto. Paulin ni wa ukoo wa samaki, Kunda wa ukoo wa mamba. Hao ni watani tangu enzi za babu zao: mtani ndiye anayekuzika, na msibani hubeba kitu chako chochote anachotaka, bila mtu kumkataza.

Kunda alianza kulia tangu barabarani. Majirani wakatoka kuuliza nani kafa. Akaingia mpaka kitandani.

“Samaki yangu, njo umekufa? Basi tugabule bintu.”

Akaanza kugawa vitu: kiti akasema chake. Sufuria yake. “Na huyu Adolphine, tutamupa bwana mwenye kuamuka asubui.” Kisha akaingiza miguu yake katika viatu vya kazi vya Paulin, akajaribu kutembea.

Paulin akainuka. “Acha viatu yangu, mama. Kesho nitaenda na nini ku kazi?”

“Kumbe maiti iko na kazi kesho?”

Paulin akacheka. Kicheko kikageuka kilio, akamlilia Désiré kwa sauti, maskini, kama alivyopaswa kulia tangu siku ile. Kunda alimshika mabega mpaka akatulia. Kisha akatoka na viatu.

“Utabikuta kule ku mulango ya yadi.”

Asubuhi king’ora kilipolia, Paulin alikwenda pekupeku, aibu imemjaa. Kunda alikuwa ameketi langoni, viatu miguuni, akiwaambia wapitao wote kwamba anangoja maiti wake. Akavivua, akampa.

Kamba ya kiatu cha kushoto ikamshinda mara mbili. Kunda alitazama tu, hakumsaidia. Mara ya tatu ikakaza, na Paulin akaingia kuomba bendera yake.