Kuiba Filimbi

Siku mdogo wangu aliposhindana mbio huko Ulaya, wanaume wa Makanyagio, mtaa wetu hapa Mpanda, waligeuka wataalamu wa mbio ndani ya mchana mmoja. Kile kibanda cha mpira kinachotazamana na saluni yangu hakijawahi kuonyesha mbio tangu kijengwe. Ni ligi, halafu ligi, halafu marudio ya ligi. Mwenye kibanda alikubali kuacha mechi kwa sababu nilimwambia binti wa kwetu ataonekana kwenye televisheni, na kwa sababu nilimsumbua wiki nzima. Hata hivyo mlangoni alinitoza kiingilio, mimi dada mtu.

Mama alikuja na bodaboda kutoka kijijini kwetu, upande wa Sibwesa, amevaa kitenge chake cha kanisani. Hakutaka kuingia mle ndani kubanana na wanaume kwenye mabenchi.

"Mi nitakaa hapa saluni," akasema. "Nyie mkipiga kelele, nitasikia."

Nikamwekea kiti mlangoni, akakaa ameshika rozari.

Mdogo wangu alikuwa amenipigia simu jioni ya kabla yake. Yale mashindano hayakuwa ya watu kama yeye. Ni ya wanariadha wanaolipwa kukimbia, ambao sura zao zinajulikana. Yeye alikuwa mji wa jirani na kikundi kidogo cha mazoezi, na mmoja wa wale wakubwa alipoumia mguu, ndipo akapewa nafasi. Mzungu aliyempeleka huko alimweleza bila kuzunguka: kimbia vizuri mbele ya hawa watu, utapata timu na utabaki msimu mzima, ukiharibu, unarudi kwenu, na hakuna atakayekutumia tiketi tena.

"Dada, ni hii moja tu," akaniambia. "Mniombee."

Halafu akaniambia kitu kingine, akicheka kidogo. Kwamba kule anayeanzisha mbio hawamwoni. Anasimama kando huko, mlio wenyewe unatokea kwenye spika iliyowekwa nyuma ya miguu yao. Nikadhani ananisimulia maajabu ya Ulaya, kama alivyonisimulia baridi na mkate mgumu.

Hapa inabidi nieleze jinsi sisi tunavyokimbia, maana asiyejua hili hataelewa kilichonichoma.

Shuleni kijijini hatukuwa na bastola ya kuanzishia. Tulikuwa na mwalimu wa michezo na filimbi yake. Alisimama mbele yetu, pembeni kidogo ya mstari, akasema kaeni sawa, akasema tayari, kisha akapuliza. Sasa, mtu hawezi kupuliza filimbi bila kujaza mashavu. Mashavu ya mwalimu wetu yalikuwa makubwa, na yalivimba kwanza kabla filimbi haijalia. Mjinga aliangalia mbele akasubiri mlio. Mjanja aliangalia mashavu. Yakivimba tu, umeondoka, na filimbi inakukuta uko hatua moja mbele ya wenzako. Tuliita kuiba filimbi, na hakuna aliyeona aibu kusema hivyo. Wazazi walisimama kando ya uwanja wakipiga kelele, "Mwangalie mashavu! Mashavu, we mtoto!" Mama yangu sauti yake ilizidi za wote. Mwalimu mwenyewe alijua, akacheka, na alipochagua timu ya kata alichukua walioiba vizuri. Nimeishi Mpanda mjini miaka mingi sasa, nimeuliza wateja wangu waliosoma huko Mishamo na kwingineko, wote wananiambia kwao ilikuwa hivyo hivyo.

Na kinachoniuma hadi leo ni kwamba mdogo wangu hakuhitaji kuiba. Alikuwa na mbio zake mwenyewe, za kuzaliwa nazo. Angesubiri mpaka filimbi inyamaze bado angewapita. Lakini alifundishwa kuiba kama alivyofundishwa kuamkia wakubwa, akiwa mdogo hivyo hivyo, na mwili ukashika.

Basi, kibanda kilijaa. Benchi la mbele alikaa mwalimu huyohuyo, sasa amestaafu, amehamia mjini. Nilimpa shikamoo akaitikia kwa sauti ya mtu mwenye shughuli. Alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kwamba yule ni zao la mikono yake. Nyuma yake alikaa fundi pikipiki wa pale kona, mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema kuhusu mchezo wowote duniani.

"Wamempa njia ya pembeni kabisa," fundi akasema wakimbiaji walipoonyeshwa. "Hapo washamdharau."

"Pembeni ndo kuzuri," mwingine akajibu. "Habanwi na mtu."

"We unadhani huu mpira, abanwe? Angalia yule wa katikati mapaja yake. Yule akitoka hapo ni risasi. Ila mwishoni anakata pumzi, utaona."

"Umemwona wapi akikata pumzi?"

"Mapaja makubwa yanakula pumzi, kaka. Hii ni sayansi."

Wakaendelea hivyo, nani ana mwanzo mzuri, nani ana mwisho mzuri, nani kanenepa tangu msimu uliopita, watu ambao asubuhi ile walikuwa hawajui hata jina la mmoja. Mimi sikuwasikiliza sana. Nilikuwa namtazama mdogo wangu. Alikuwa anahangaisha macho. Wenzake wote walikuwa wanatazama njia zao, yeye kichwa kilikuwa kinageuka kidogo kushoto, kinarudi, kinageuka tena. Kibanda kizima hakikuliona hilo. Mimi nililiona, nikajua anamtafuta nani.

Wakainama. Wakainua viuno. Kukawa kimya. Na mdogo wangu akatoka.

Kibanda kililipuka. "Ameiba! Ameiba!" Watu wazima walisimama juu ya mabenchi. Fundi alimkumbatia mtu asiyemfahamu. Mwalimu alinyoosha mikono yote miwili juu kama padri. Na kutoka ng'ambo ya barabara, kupitia kelele zote hizo, nikasikia kigelegele cha mama yangu, kirefu, kinapanda.

Halafu ukalia mlio wa pili, na wakimbiaji wote wakasimama.

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Kisha akaja mtu mwenye koti, akasimama mbele ya mdogo wangu, akamwonyesha kadi nyekundu.

"Kadi nyekundu ya nini?" fundi akapaza sauti. "Kwani kamgusa nani?"

Mwenye kibanda, ambaye anasikia Kiingereza kidogo cha mtangazaji, akasema ametoka kabla ya mlio, ameondolewa. Kwake hakuna kurudia. Mdogo wangu alisimama pale ameshika kiuno, akaangalia ile kadi kana kwamba ina maandishi. Kisha akatembea kuelekea ukutani, kamera ikamfuata kidogo, ikachoka naye, ikawarudia wenzake.

Nilidhani watu watanyamaza. Nilidhani angalau watazima.

"Ametuaibisha," fundi akasema. Yeye huyo, bado hajashuka juu ya benchi.

"Mbio kubwa kama hizi unaanzaje kuharakisha?"

"Papara za kishamba."

Na mwalimu wangu, Mungu amsamehe maana mimi bado, akageuka kuwatazama waliokuwa nyuma yake, akatikisa kichwa taratibu. "Kasi anayo," akasema. "Tatizo ni nidhamu. Hakufundishwa nidhamu."

Nyani haoni kundule. Nilisimama. "Mwalimu," nikasema, "mdogo wangu alikuwa anatafuta mashavu yako pale. Hakuyaona."

Wengine walicheka, wakidhani ni utani. Yeye hakucheka. Alirudisha uso kwenye televisheni, kwa sababu mbio zilikuwa zinaanza upya, na njia ya pembeni tupu. Wakatazama wote. Yule wa mapaja makubwa akashinda, hakukata pumzi, na wakampigia makofi. Nilipokuwa natoka walikuwa wanabishana kuhusu mwanzo wake, jinsi alivyotulia. "Huyo sasa ndo mwanariadha," nilimsikia fundi akisema.

Nikavuka barabara. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa saluni, uso wote unacheka, jasho usoni.

"Kaiba, eh?" akaniuliza. "Nimesikia. Kaiba vizuri?"

Ilinibidi nimweleze mimi. Hakuna kazi niliyowahi kuifanya iliyonishinda kama ile.

Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Lile janga tulilichuma sote, tukamwachia alile peke yake. Alirudi kabla ya Krismasi, na begi moja. Sasa anasuka nywele pamoja nami. Ana mikono myepesi, wateja wanampenda, na wakimuuliza kuhusu Ulaya anawaambia ni baridi.

Mwaka uliofuata kijijini wakamwomba awe mgeni wao siku ya michezo ya shule. Nilimwambia asiende, akaenda, nikamfuata. Wakampa filimbi aanzishe mbio za watoto. Mwalimu mstaafu naye alikuwepo, amealikwa. Watoto wakapanga mstari, pekupeku, macho yote kwake. Yeye akawapita, akaenda kusimama nyuma yao.

"Angalieni mbele," akawaambia. "Msiniangalie mie. Sikilizeni tu."

Wazazi wakaanza kunung'unika. Mbona anajificha? Watoto watamwonaje? Akasema tayari, akapuliza. Na wale watoto hawakuondoka. Wengine walikuwa wamegeuka nyuma kumtafuta, wengine wakatazamana, mmoja akaangua kilio. Uwanja mzima ukacheka.

Hapo mwalimu akaja, taratibu, akamnyang'anya filimbi mkononi kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akaenda mbele ya mstari, mahali pake pa siku zote. Akasema kaeni sawa. Akasema tayari.

Mdogo wangu alikuja akasimama kando yangu. Alinishika mkono.

"Mashavu!" sauti ikapaa kutoka upande wa akina mama. "Mwangalieni mashavu!"

Sikuhitaji kugeuka. Sauti hiyo naijua tangu tumboni, na mdogo wangu pia anaijua. Aliuachia mkono wangu.